Slivu, baipasi au puto? Jinsi ya kuchagua upasuaji wa kupunguza uzito

Watu wengi wakishaona dayati zimeshindikana wanaingia kwa daktari na swali moja tu, ipi inapunguza kilo nyingi. Swali hilo utajibiwa kwa dakika mbili na bado utatoka hujachagua kitu, kwa sababu kwa watu wengi tofauti ya kilo kati ya slivu na baipasi sio kubwa kivile, tofauti yenyewe iko kwenye kiungulia, sukari, dawa unazomeza kila siku, na kama utaweza kununua vitamini miaka kumi ijayo. Mimi nilifanya baipasi, mdogo wangu akafanya slivu, tumetoka tumbo moja kabisa na kila mtu alipata iliyomfaa. Kwa hiyo hapa sikuambii ipi ni nzuri, nakupa mpangilio wa kujiuliza mpaka majibu yenyewe yakupunguzie machaguo.

Hatua ya 1: piga hesabu ya BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) kabla hujaulizia bei

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mfano una kilo 110 na urefu mita 1.62, basi 1.62 mara 1.62 ni kama 2.62, ukigawanya unapata karibu 42. Kwa miaka mingi watu walifuata mwongozo wa Marekani wa 1991, kwamba unafaa kupasuliwa ukiwa na BMI 40 kwenda juu, au 35 kama una ugonjwa unaotokana na uzito. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu, ASMBS cha Marekani na IFSO cha kimataifa, wakashusha, sasa ni 35 hata kama huna ugonjwa wowote, na 30 unaweza kufikiriwa kama una kisukari aina ya pili au shida zingine za namna hiyo.

Kama una kilo 75 na unachotaka ni kitambi kipotee kabla ya harusi, hapa sio mahali pako. Na kunyonya mafuta, ile laiposakshen, sio upasuaji wa kupunguza uzito hata kidogo, ile inarekebisha umbo, haigusi njaa wala sukari, usiwachanganye wanaofanya hiyo na madaktari wa upasuaji huu hata kama wote wana mabango yanayofanana. Pia siku hizi kuna sindano za kupunguza uzito, semaglutide na ndugu zake, wengine zinawatosha, muulize daktari kuhusu hizo kabla hujafika kwenye kisu, ila ujue wengi wakiziacha uzito unarudi.

Hatua ya 2: elewa kila moja inakufanyia nini tumboni

*Slivu.* Huku kwetu wengi wanaiita kukata utumbo, ingawa utumbo wenyewe hauguswi, kinachokatwa ni tumbo la chakula. Wanaondoa kama asilimia 75 hadi 80, linabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Ile sehemu iliyotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ndo maana miezi ya mwanzo unaweza kusahau kabisa kula. Haina marejeo, kilichokatwa kimekatwa. Inashangaza kidogo kwamba slivu ilianza kama nusu ya kwanza ya upasuaji mkubwa zaidi, kwa wagonjwa wazito sana ambao ilikuwa hatari kuwafanyia upasuaji mzima kwa mara moja, baadaye ikaonekana wengine wamepungua vya kutosha bila hata kurudi kwa nusu ya pili.

*Baipasi*, yaani Roux-en-Y. Tumbo linatengwa, kinabaki kifuko kidogo cha kama mililita 30 kinachopokea chakula, halafu kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba huko chini, chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Tumbo la zamani haliondolewi, linabaki humo humo ndani, ila chakula hakipiti. Wazo lilitoka kwa daktari Edward Mason wa Iowa miaka ya 1960, aliona wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda hawanenepi tena.

*Mini baipasi* inafanana na hiyo lakini maunganisho ni moja badala ya mawili, kwa hiyo ni fupi kidogo kwenye chumba cha upasuaji. Ubaya wake nyongo inaweza kurudi juu tumboni, na wakiruka utumbo mrefu sana unapata upungufu wa virutubisho na kuharisha.

*Duodeno switchi*. Hii ndiyo inayoshusha kilo kuliko zote na inashughulika na sukari vizuri sana, lakini unaweza kukosa protini na vitamini mpaka ukaumwa, na inafanywa zaidi kwa watu wa BMI 50 na kuendelea. Kama mahali unapoishi vipimo vya vitamini mpaka upande basi mpaka mkoa mwingine, achana nayo.

*Bendi* ni ule mkanda wa silikoni unaofungwa juu ya tumbo. Zamani ilivuma sana, sasa madaktari wengi wanafanya kazi ya kuzitoa kuliko kuziweka. Ukikuta mtu bado anakusukumia bendi muulize kwa nini.

*Puto* sio upasuaji. Linaingizwa kwa mdomo kwa kamera, linajazwa maji, linakaa tumboni mara nyingi miezi 6 halafu linatolewa. Hapa Dar hospitali ya Mloganzila wanaweka, na watu wengi walisikia habari za puto kabla hata ya kujua slivu ni nini. Siku za kwanza utatapika na kuumwa tumbo, hilo usidanganywe. Unaweza kupungua asilimia 10 hadi 15 ya uzito, na likishatoka wengi wanarudisha kama hawakubadilisha kitu. Mara nyingi kwenye yale maji wanatia rangi ya bluu, kwa hiyo siku ukikojoa mkojo wa kijani au bluu ujue puto linavuja, usisubiri kesho, nenda hospitali, maana likisinyaa linaweza kushuka likaziba utumbo.

Sasa kilo. Kwa wastani slivu inaondoa kama robo ya uzito wote, baipasi inakaribia asilimia 30. Kwa yule wa kilo 110 ni tofauti ya kilo 27 na kilo 33 hivi. Kilo sita. Wafini waliwafuatilia watu 240 kwa miaka kumi kwenye utafiti unaoitwa SLEEVEPASS na baipasi ilibaki mbele, lakini sio kwa umbali wa kukutisha. Ndo maana nasema kilo peke yake zisikuamulie.

Hatua ya 3: kiungulia

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapochagua vibaya, na ndicho kilichoniamulia mimi.

Lile bomba la slivu lina presha kubwa ndani, asidi inasukumwa juu. Mtu aliyekuwa na kiungulia kidogo anaweza kuishia kulala amekaa kwa mito mitatu. Utafiti wa Uswisi, SM-BOSS, ulilinganisha slivu na baipasi kwa miaka mitano, na kati ya waliokuwa na kiungulia tangu mwanzo, wa slivu karibu asilimia 32 kilizidi, wa baipasi ni asilimia 6 tu. Na wa baipasi asilimia 60 kiliisha kabisa, wakati wa slivu ni robo. Baipasi kwa kweli ni dawa ya kiungulia.

Shida ni kwamba huku kwetu mtu anaweza kuwa na kiungulia cha miaka na hajui, anaita gesi, anaita vidonda vya tumbo, anakunywa maziwa baridi usiku na kununua omeprazole duka la dawa bila kuandikiwa. Kwa hiyo kabla hujasema "mi sina kiungulia" jiulize hivi: ukila wali wa nazi usiku halafu ukalala, kuna maji machungu yanapanda kooni? Unakohoa usiku bila mafua? Sauti inakwaruza asubuhi? Una omeprazole kwenye mkoba saa hizi? Ukijibu ndiyo kwa mawili hapo mwambie daktari wazi wazi.

Halafu dai kipimo cha kamera kabla ya upasuaji wowote. Kamera itaonyesha kama koo la chakula limeungua, kama una ngiri ya tumbo (sehemu ya tumbo imepanda kifuani), na hapo hapo wanakupima bakteria wa H. pylori ambao huku ni wengi mno, ukikutwa nao unatibiwa kwanza. Hospitali itakayokupangia tarehe ya slivu bila kukuuliza habari ya kiungulia na bila kamera, mi ningetoka nje nikaenda kunywa chai nikatafuta nyingine.

Mdogo wangu kamera yake ilikuwa safi, hana historia yoyote, ndo maana slivu ilimfaa. Yangu daktari alinionyesha picha, mwisho wa koo pamechubuka pekundu, akasema wewe slivu sikufanyii hata ukilipa mara mbili.

Hatua ya 4: sukari na dawa unazomeza

Kama una kisukari aina ya pili, zote zinasaidia, baipasi kwa wastani inasaidia zaidi, na sukari inaanza kushuka ndani ya siku chache kabla hata kilo hazijatoka kwa sababu homoni za utumbo zinabadilika. Ila usitegemee miujiza, mtu mwenye sukari ya miaka mitano anayekunywa metformini ana nafasi nzuri zaidi ya kuacha dawa kuliko mwenye sukari ya miaka ishirini na anachoma insulini. Na la muhimu kweli: ukianza dayati ya maji maji unayopewa kabla ya upasuaji, insulini na vidonge kama glibenklamidi lazima daktari avipunguze, usipofanya hivo sukari inashuka mpaka unazimia nyumbani.

Sasa toa dawa zako zote, zimwage mezani, piga picha, nenda nayo kwa daktari. Hasa hizi:

- Diklofenaki, ibuprofeni na jamii hiyo. Kama magoti au mgongo unakufanya uzimeze kila siku, baipasi ni tatizo, zinaleta kidonda pale kwenye maunganisho, kinaweza kutoboka. Ukishafanya baipasi unaachana nazo maisha, unabaki na parasetamoli na nyingine atakazokupa daktari. Mtu asiyeweza kuziacha kabisa anaelekezwa zaidi kwenye slivu. Sigara na shisha nazo ni hivo hivo.
- Vidonge vya kuachia dawa polepole, kama metformini ya usiku mara moja au nifedipini ya presha. Baada ya baipasi havikai utumboni vya kutosha, unabadilishiwa.
- ARV. Unaweza kupasuliwa ukiwa na virusi, hilo sio kizuizi, ila usimfiche daktari wa upasuaji kwa sababu ya aibu. Dolutegravir haipatani na kalsiamu wala madini ya chuma vikimezwa pamoja, na wewe baada ya upasuaji utakuwa unameza vyote viwili kila siku. Kawaida unameza dolutegravir masaa 2 kabla au masaa 6 baada yake.
- Dawa za kifafa na za kuzuia damu kuganda, hizi zinahitaji kupimwa kiwango upya.

Na kama una vyote, kiungulia kikali na magoti yasiyokwenda bila diklofenaki? Hapo hakuna jibu la kwenye simu. Kaa na daktari, mara nyingi wanaangalia kama magoti yanaweza kutulia uzito ukishuka, ila hiyo ni kazi ya yeye na wewe.

Hatua ya 5: kina dada, uzazi

Uzito ukianza kushuka mayai yanaamka. Mtu ambaye miaka yote hedhi imempotea anashangaa ameshika mimba mwezi wa nne baada ya upasuaji, na huo ndo wakati mbaya kuliko wote kwa sababu mwili bado unapungua. Ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya majira baada ya baipasi havitegemewi, weka kitanzi au kijiti kabla hujaingia chumba cha upasuaji, mkubaliane na mwenzio kabisa. Kama umri unakimbia na unataka mtoto mwaka huu huu basi tarehe ya upasuaji ndo ya kujadili, sio aina yake.

Hatua ya 6: piga hesabu ya baada, sio ya siku ile tu

Ukipewa bei uliza kuna nini ndani yake. Je, pale palipokatwa pakivuja na ukahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji au ICU nani analipa? Kliniki za mwaka wa kwanza zimo? Vipimo vya damu? Bima wamesema nini kwa maandishi, maana ya mdomo haina kazi siku ya kulipa.

Halafu vitamini. Kwa slivu na baipasi ni za maisha, kwa baipasi ndo hakuna kujadiliana kabisa: multivitamini, B12, madini ya chuma, vitamini D, na kalsiamu ya aina ya sitreti miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, iliyogawanywa. Kalsiamu na chuma hazimezwi pamoja, ziache masaa 2, na chuma usimeze na chai maana chai inaizuia. Nenda duka la dawa la mtaani kwako LEO uone kama kalsiamu sitreti ipo na ni shilingi ngapi. Kama haipo na kila mwezi itabidi utumiwe na ndugu kutoka nje, hilo nalo ni jibu kuhusu upasuaji gani unauweza. Na mtu yeyote anayetapika siku kadhaa mfululizo baada ya upasuaji aende hospitali akapewe vitamini B1, ikiisha mwilini inaharibu mishipa ya fahamu na ubongo.

Chakula nacho. Wiki mbili za mwanzo ni vya maji maji, supu iliyochujwa, uji mwepesi, maziwa, halafu vya kupondwa, halafu taratibu vigumu. Protini kwanza, gramu 60 kwa siku angalau, mayai, samaki, dagaa, maharage, mtindi. Ugali utakula, lakini tonge mbili tatu na mwisho kabisa. Hunywi wakati wa kula, unasubiri nusu saa. Kwa waliofanya baipasi, soda au juisi ya miwa inaweza kukuletea dampingi, moyo unakimbia, jasho, kuharisha, unataka kulala chini hapo hapo kwenye sherehe ya watu. Wengine wenye udhaifu wa vitamu wanaona hiyo ni faida. Pombe inapanda haraka kwa wote, na kuna watu wamehamia kwenye pombe baada ya chakula kukataa, kama una historia hiyo sema mapema. Na kwa Waislamu, madaktari wengi wanashauri mwaka wa kwanza hivi usifunge Ramadhani, maana huwezi kufidia maji yote usiku na tumbo la kikombe cha kahawa, panga tarehe ukijua hilo.

Hatua ya 7: mhoji daktari

Usione haya, mwili ni wako. Muulize: umefanya ngapi za aina hii, na ngapi mwaka jana? Wangapi walivuja na ulifanyaje? Usiku ule wa kwanza nani yuko wodini? Kuna mtaalamu wa lishe? Kwa nini unanichagulia hii na sio ile? Hilo la mwisho ndo kipimo. Akijibu kwa kutaja kiungulia chako, sukari yako, dawa zako, amekusoma. Akijibu "hii ndo wengi wanafanya", kapate maoni ya pili.

Kwa wanaokwenda India au Uturuki, bei inaweza kuwa nzuri na madaktari wazuri wapo, lakini uvujaji unaweza kujitokeza hata wiki mbili baadaye, ukiwa umesharudi Tabata au Eastleigh. Kaa kule muda daktari aliosema, usipande ndege ya masaa mengi haraka, damu inaganda miguuni, na kabla hujaondoka tafuta daktari wa upasuaji hapa nyumbani aliyekubali kukupokea ikiharibika. Sio kumtafuta siku ya dharura.

Hatua ya 8: jua dalili za kurudi mbio

Wiki za mwanzo, mapigo ya moyo yakizidi 120 umekaa tu, homa, maumivu yanayopanda mpaka bega la kushoto, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, hivyo vyote ni hospitali usiku huo huo. Miezi inayofuata angalia mawe ya nyongo, yanatokea sana uzito ukishuka kwa kasi, muulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia, ursodioli, inayotumika miezi 6. Na kwa wa baipasi, hata miaka mingi baadaye, maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka yanaweza kuwa utumbo umejikunja kwenye ngiri ya ndani. Ukifika hospitali ya wilaya wakakwambia ni vidonda vya tumbo na kukupa maji ya magnesiamu, usiondoke, omba kipimo cha picha cha CT na daktari wa upasuaji.

Kwa sababu hiyo omba ripoti ya upasuaji kwa maandishi kabla hujaruhusiwa, yenye aina kamili na urefu wa utumbo walioruka, ipige picha iwe kwenye simu yako na ya mtu wa nyumbani. Mimi nimetoa na kikadi nikakiweka nyuma ya kitambulisho, unaweza kuiga maneno haya haya:

"Nimefanyiwa baipasi ya tumbo (Roux-en-Y). Nisipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Mpira wa puani usiingizwe bila daktari wa upasuaji kujua. Nikiwa natapika, nipewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Nikiwa na maumivu makali ya tumbo, piga namba hii ya daktari wangu."